Pointi si ushamba!

Kuna ugonjwa umeingia mjini. Kijana anamaliza chuo, anapata kazi, anachoka kuona Vitz na IST zinazofanana barabara nzima, anakwenda kununua gari la zamani. Beetle, Peugeot 404, Morris Minor, Datsun 1200, Land Rover ya enzi za babu. Hilo lenyewe si ugonjwa. Ni jambo jema, na mimi mwenyewe nimo, nina Beetle yangu ambayo majirani wanaiita mkweche na mimi naiita gari. Ugonjwa unaanza wiki ya pili, gari linapogoma kuwaka asubuhi. Hapo anajitokeza mtaalamu wa kijiweni na dawa yake moja inayotibu kila kitu: "Mshikaji, toa hizo pointi, weka elektroniki, usahau."

Weka, usahau. Leo nataka kugombana na hilo neno la pili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua boneti, nieleze kwanza tunagombania nini. Injini ya petroli haiwaki bila cheche. Cheche inayoruka kwenye plagi inahitaji umeme wa maelfu ya volti, na betri ya gari ina volti 12 tu (Beetle nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina volti 6). Kazi ya kuupandisha umeme huo ni ya koili. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa pamoja. Umeme wa betri ukipita kwenye waya wa kwanza unajenga nguvu ya sumaku. Ukikatwa ghafla, sumaku ile inaporomoka, na waya wa pili wenye mizunguko mingi zaidi unatoa umeme mkali unaokwenda kwenye plagi. Kwa hiyo siri yote iko kwenye neno moja: kukata. Nani anaukata umeme, na anaukata saa ngapi?

Katika gari la zamani kazi hiyo inafanywa na pointi. Ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana. Katikati ya distributa kuna mhimili unaozunguka, wenye pembe nne kwa injini ya silinda nne. Kila pembe ikipita inasukuma kipande kimoja, pointi zinaachana, umeme unakatika, cheche inaruka. Pembeni kuna kondensa, kikopo kidogo kama nusu ya kidole, kinachozuia cheche isirukie kwenye pointi zenyewe na kuziunguza. Basi. Hakuna kingine. Mmarekani Charles Kettering na kampuni ya Delco waliupeleka mpango huu kwenye magari ya Cadillac kati ya mwaka 1910 na 1912, na kwa zaidi ya nusu karne karibu dunia yote iliendesha hivyo.

Elektroniki inafanya kazi ile ile bila kugusana. Kwenye mhimili unavishwa mkufu wenye sumaku ndogo, na mahali pa pointi panakaa kijimashine kinachohisi sumaku zikipita. Vingi vinatumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, wakati magari ya petroli hayajazaliwa. Sumaku ikipita, transista inakata umeme wa koili. Hakuna chuma kinachopigana na chuma, hakuna kinachochakaa, na kutoka nje distributa inabaki vile vile, hata shangazi yako hatajua kuna kilichobadilika.

Sasa msije mkasema nimeficha ukweli. Ukiviweka vyote viwili juu ya meza, elektroniki ni kifaa bora. Nalisema wazi na silirudishi mdomoni. Fanya hesabu ndogo uone pointi zinavyoteseka. Injini ya silinda nne kama ya Beetle inataka cheche mbili kwa kila mzunguko. Ukitembea kilometa 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, maana yake pointi zinaachana mara 6,000 kila dakika. Kutoka Dar mpaka Morogoro, kilometa kama 190, zimeshafunga na kufunguka zaidi ya mara laki nane. Kile kipande cha plastiki ngumu kinachosuguana na mhimili kinalika. Kikilika, nafasi kati ya pointi inapungua, zinachelewa kuachana, na taimingi ya injini nzima inarudi nyuma. Gari linakuwa zito mlimani, linakunywa petroli, linapata joto. Elektroniki haina maradhi hayo. Ukiipima leo na ukaipima mwakani, taimingi iko pale pale.

Kama hoja ingekuwa kifaa kipi ni bora, ningeishia hapa na kwenda kulala. Lakini hoja siyo hiyo. Hoja ni kifaa kipi ni bora wapi, mikononi mwa nani. Na hapa ndipo mtaalamu wa kijiweni anapotuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tujiulize kwanza kwa nini watengenezaji waliziacha pointi. Watu wanadhani ni kwa sababu zilikuwa mbovu. Hapana. Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na viwango vilivyofuata vilitaka gari libaki ndani ya kipimo cha moshi kwa miaka 5 au maili 50,000. Pointi haziwezi kukaa maili 50,000 bila mtu kuzigusa, na mwenye gari wa kule alikuwa hataki kuzigusa, wala hataki kumlipa fundi aziguse. Chrysler ilipofika mwaka 1973 ilikuwa imeweka elektroniki kwenye magari yake yote ya soko la Marekani, na wengine wakafuata. Hata Beetle yenyewe, iliyoendelea kuundwa Mexico mpaka Julai 2003, ilibadilishiwa mfumo wa petroli mwaka 1993 kwa shinikizo hilo hilo la moshi.

Umeona jambo hilo? Teknolojia ilijibu swali la mahali ilipozaliwa. Kule fundi ni ghali na spea iko karibu. Saa moja ya fundi inauma mfukoni kuliko kifaa chenyewe, na kifaa ukikiagiza jioni, kesho asubuhi kiko mlangoni. Katika mazingira hayo, kifaa kisichohitaji fundi ni ukombozi. Kwetu ni kinyume kabisa. Kwetu fundi yuko karibu na spea iko mbali. Fundi yuko chini ya mwembe mtaa wa pili, yuko Chalinze, yuko Mikumi, yuko Ilula, na bei yake mnapatana. Lakini moduli ya elektroniki ya gari la mwaka 1968 haipo Chalinze, haipo Mikumi, na mara nyingi ukizunguka Kariakoo yote kutwa nzima utaambiwa, "Bro, hiyo mpaka uagize." Sasa sisi tumechukua jibu la swali lao tukalibandika kwenye swali letu, halafu tunaitana washamba tusiponunua.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo anayeuza hawezi kukuambia. Pointi hufa polepole. Moduli hufa ghafla.

Pointi zikianza kuchoka zinakupa taarifa. Asubuhi gari linakuwa gumu kuwaka. Halafu linakohoa ukikanyaga mafuta. Halafu mlima uliokuwa unaupanda kwa gia ya tatu unauomba kwa gia ya pili. Wiki nzima, wakati mwingine mwezi mzima, gari linalalamika, na mwenye masikio anasikia. Hata zikigoma kabisa barabarani, tatizo linaonekana kwa macho: zimeungua, zimefunga, zimelegea. Moduli haina lugha. Sekunde hii inafanya kazi, sekunde inayofuata haifanyi. Ukiifungua huoni kitu, maana imefunikwa na plastiki ngumu, haina skrubu, haina cha kukaza wala cha kusugua. Siyo kwamba fundi wa Mikumi hajui kuitengeneza. Hata aliyeiunda hawezi kuitengeneza. Inatupwa.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa benki, alitoka Dar na Beetle yake kwenda harusini Iringa. Aliwekewa elektroniki mwezi mmoja kabla, na alikuwa anatucheka sisi wa pointi kama anatucheka wa redio ya mbao. Gari likazimika ndani ya hifadhi ya Mikumi, pale ambapo barabara kuu inapita katikati ya wanyama na vibao vinakukataza kushuka. Halikukohoa wala halikutoa dalili. Lilizimika kama taa. Alivutwa kwa kamba na lori mpaka mjini Mikumi, na hapo akapata mafundi watatu, wote watu wazuri, wote wana spana. Wakaangalia plagi, wakaangalia koili, wakaangalia petroli. Walipofungua distributa wakatazamana. Mmoja akamwambia, "Mdogo wangu, ungekuwa na pointi humu ungekuwa umeshaondoka." Harusi alifika kwa basi. Gari lilirudi Dar juu ya lori, likakaa wiki tatu likisubiri kifurushi kutoka nje.

Mimi nimewahi kukwama pia, Kibaha, usiku, na rafiki zangu wawili ndani. Pointi zilikuwa zimefunga, hazifunguki hata kidogo. Kipimo cha Beetle ni milimita 0.4 pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Sikuwa na kipimo. Nilikuwa na bisibisi, tochi ya simu, na kadi yangu ya gazetini, ile ya karatasi ngumu yenye jina na namba, ambayo unene wake unakaribia hapo. Nikafungua kofia ya distributa, nikazungusha injini kwa mkono kwenye puli mpaka pembe ikasukuma pointi, nikalegeza skrubu moja, nikapitisha kadi, nikakaza. Dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa natafuta skrubu iliyodondoka. Gari likawaka. Sisemi mimi ni fundi, sina hata ovaroli. Ninachosema ni kwamba kifaa kilichoundwa zaidi ya miaka mia iliyopita kilimruhusu mwandishi wa habari mwenye bisibisi moja afike kwake usiku ule. Kuna kifaa gani kingine katika maisha yako kinachokupa ruhusa hiyo? Simu yako? Betri tu huwezi kuitoa.

Najua jibu linalokuja. "Moduli nzuri haifi. Wengine wanatembea nayo miaka kumi." Kweli kabisa, wapo. Lakini waangalie wanatembea nayo kwenye gari lenye waya za namna gani. Moduli ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo ambayo mikweche yetu haiyatimizi. Inataka koili yenye ukinzani unaofaa. Ukiipa koili isiyolingana nayo inapitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake, inaiva. Inataka volti za kutosha hata wakati stata inanyonya betri, na betri zetu tunazijua, tunazisukuma mpaka siku ya mwisho. Haitaki uache swichi imewashwa na injini imezimwa huku unasikiliza mpira kwenye redio. Haitaki uunge waya kinyume hata sekunde moja. Na hapa wenye magari ya Kiingereza wasikilize vizuri: magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, siyo hasi. Ukichukua moduli ya kawaida iliyotengenezwa kwa gari la hasi ukaifunga kwenye Morris Minor ya namna hiyo bila kuangalia, umeiua kabla hujawasha. Pointi hazijali. Chanya, hasi, volti zimeshuka, waya una kutu, zinafungua na kufunga tu kama bawaba ya mlango.

Tena niseme jambo ambalo linaniudhi kuliko yote. Mara nyingi pointi zinasingiziwa. Gari linagoma, kijana anapeleka gereji, anaambiwa "pointi hizi, weka elektroniki", anatoa fedha, linawaka, anashangilia. Lakini wakati wa kufunga moduli fundi alibadilisha pia plagi, kofia, rota na waya, akasafisha na ardhi ya betri! Sasa nani kaponya? Nimeona gari lililofungwa moduli mbili katika mwaka mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya wa swichi umelegea nyuma ya dashibodi. Mteja alilipa mara mbili. Huo siyo ufundi, huo ni usanii.

Hoja nyingine ni nzito zaidi na sitaikwepa. Wanasema pointi za siku hizi siyo za zamani. Kondensa mpya inakufa baada ya safari mbili, plastiki ya kusuguana ni laini kama sabuni, chuma chenyewe kinaungua upesi. Hili ni kweli na linatuumiza. Wamiliki wa magari ya zamani kila mahali wanalilalamikia. Lakini angalia hoja hii inakwenda wapi. Mtu anasema spea za pointi zimejaa bandia, kwa hiyo tununue moduli. Je, moduli hazina bandia? Anayeweza kughushi kikopo cha kondensa atashindwa kughushi kipande cha plastiki nyeusi ambacho hakuna mtu anayeweza kukifungua kuangalia ndani? Pointi bandia unaweza kuzitambua. Unazishika, unaona chuma kilivyokaa, unaona kama nyuso mbili zinakutana sawa. Moduli bandia utaitambua ikishakuacha njiani. Dawa ya kondensa ni rahisi: ukipata inayofanya kazi, hata ikiwa kuukuu, usiitupe. Yangu imetoka kwenye distributa ya gari lililokufa, na inafanya kazi kuliko mpya tatu nilizonunua.

Wapo wenye busara watakaosema, "Wewe unapiga kelele bure. Weka elektroniki, halafu pointi zako za zamani na kondensa ziweke chini ya kiti. Moduli ikifa, unarudisha pointi, unaondoka." Huu ndio ushauri bora kabisa wa upande wa pili, na kama mtu ameshaamua kubadilisha, namwomba afanye hivyo hivyo. Vifaa vingi vinakaa ndani ya distributa ile ile, kwa hiyo kurudi nyuma kunawezekana.

Lakini ndugu yangu, nani atazirudisha? Wewe uliyeweka usahau? Pointi zilizo chini ya kiti hazimsaidii asiyejua kuzipima. Umesahau nafasi ni milimita ngapi, umesahau kwamba unapima nafasi kwanza ndipo taimingi, kwa sababu ukigusa nafasi taimingi inahama. Umesahau kupaka grisi kidogo kwenye pembe za mhimili. Miaka mitano hujafungua kofia ile. Pointi ziko mfukoni na maarifa yamekwisha. Tulichopoteza siyo kipande cha chuma cha bei ya chakula cha mchana. Tulichopoteza ni mkono unaojua.

Na mkono huo unakwisha, jamani. Nenda Gerezani, au kama uko Nairobi nenda Kirinyaga Road, uliza nani anaweza kuweka taimingi ya gari la pointi kwa taa ndogo ya balbu moja, bila mashine. Utaelekezwa kwa mzee. Siyo kwa kijana, kwa mzee. Mzee anayenifundisha mimi ana zaidi ya miaka sabini. Kila Jumamosi nikifika namwamkia, "Shikamoo mzee," ananijibu, "Marahaba mwanangu, leo limekuudhi nini?" Anaunga balbu kwenye waya wa koili, anageuza distributa kidogo kidogo kwa vidole viwili kama anatafuta stesheni ya redio, balbu inawaka palepale alama mbili za puli zinapokutana, anakaza. Nilimuuliza ana wanafunzi wangapi. Akasema, "Vijana wanakuja, lakini wanataka ya kompyuta. Hii wanaona ni ya wazee." Wanataka ya kompyuta kwa sababu ndiko kwenye mkate, na siwalaumu hata chembe, magari mengi ya leo ni ya kompyuta. Lakini sisi tunaojidai tunapenda magari ya zamani, sisi ndio tungekuwa wateja wa mzee huyu. Kila mmoja wetu anayeng'oa pointi anampunguzia mzee mteja na kumpunguzia kijana sababu ya kujifunza. Halafu siku mzee akifunga gereji tutaandika mtandaoni tunasikitika kwamba ufundi umepotea.

Hapa naomba nijitenge na kundi moja linaloniunga mkono kwa sababu mbaya. Kuna mabwana wa "orijino". Wao wanataka pointi kwa sababu gari lilitoka kiwandani nazo, na ukiweka hata skrubu ya Kichina wanazimia. Sina ugomvi na makumbusho. Ile Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere imekaa Makumbusho ya Taifa pale Dar, na pale ndipo pake, ibaki ilivyo. Lakini mimi siendeshi makumbusho. Kesho nikiletewa kifaa cha elektroniki ambacho fundi wa Ilula anaweza kukifungua, akakipima, akabadilisha transista ya bei ndogo na kukifunga, nitakuwa wa kwanza kukinunua. Silindi mwaka 1968. Ninachotaka ni haki yangu ya kutengenezewa gari mahali lilipoharibikia.

Na msiniambie pointi haziwezi barabara za Afrika. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, zikipita kwenye matope ambayo leo hutopitisha IST yako hata ukilipwa. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda na Beetle. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Nairobi, Joginder na Jaswant Singh, walishinda na Volvo PV544. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 mvua ilikuwa kali mpaka magari 7 tu yakafika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Magari hayo yote yaliwashwa kwa pointi. Sisemi walishinda kwa ajili ya pointi. Nasema waliokuwa ndani na waliokuwa wanawasubiri njiani walikuwa wanajua kila kilichomo chini ya boneti.

Nani basi aweke elektroniki? Simkatazi mtu. Kama gari lako linazunguka Masaki na Mikocheni tu, kama injini yako imeongezwa nguvu na inazunguka mpaka pointi zinarukaruka, kama una mikono isiyoweza kushika bisibisi kwa sababu ya umri au maradhi, weka, tena nunua nzuri. Lakini weka ukijua unanunua nini. Unanunua utulivu wa mjini na unalipa kwa upweke wa safarini. Na usimwite mwenzako mshamba kwa sababu yeye anakwenda Songea.

Kwa wengine wote, hasa nyie mnaonunua gari mwezi huu, kabla hujatoa fedha ya moduli fanya jambo moja tu. Nunua seti moja ya pointi, kipimo cha nafasi na bisibisi nzuri, mtafute mzee wa mtaani kwako, umwamkie, umlipe fedha ya siku nzima, umwambie akufundishe na siyo akutengenezee. Siku moja inatosha. Ukimaliza hapo ukaona bado unataka elektroniki, nenda kaweke, utakuwa umechagua. Leo wengi wetu hatuchagui, tunachaguliwa na anayeuza.

Tumesoma, tuna digrii, tunaandika barua za kazi kwa lugha mbili. Inakuwaje tunaona aibu kuwa na grisi kwenye kucha, lakini hatuoni aibu kusimama Mikumi tunatazama injini yetu wenyewe kama tunatazama maandishi ya Kichina? Mzee wa Gerezani hajamaliza darasa la saba, na kwenye distributa yeye ndiye profesa. Yuko pale mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili hafungui. Wahini.